Mstari ambao mama aliukataa: kisa cha seti moja Rungwe

Nilikuwa fundi sauti kwenye filamu fupi iliyopigwa kwa siku 5 upande wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mwigizaji mkuu alikuwa mama wa miaka 60 na kitu. Mwongozaji alikuwa binti yake wa kumzaa. Wote wawili wameyasoma maandishi haya na kuniruhusu niyatoe, kwa sharti kwamba nisitaje majina wala kijiji.

Ninaandika kwa sababu kisa hiki kinasimuliwa vibaya na wenzetu wa kazi. Kinasimuliwa hivi: yule mama alikuwa anasahau mistari, mtoto akashindwa kumwambia, kazi ikalala siku nzima, kwa hiyo usithubutu kumwongoza mzazi wako. Katika habari hiyo la kweli ni moja tu, kwamba kazi ililala. Na lawama ya kulala kwake, sehemu yake ni yangu.

Mama na mama

Mama alianza kusimama mbele za watu akiwa shule ya msingi, miaka ya 1970, wakati wa ngonjera. Ni zile alizozieneza mshairi Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha la 1967, shule zikazipokea hadi ikawa hakuna mgeni rasmi anayeondoka bila kughaniwa. Mtoto alisimama na sare yake akatoa beti moja baada ya nyingine bila karatasi, na akikwama aliaibika yeye na mwalimu wake. Aliyelelewa hivyo anajua kuhifadhi. Baadaye aliigiza jukwaani na kwenye michezo ya redio, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kuigiza nywele zikiwa na mvi. Siku ya kwanza ya kazi yetu yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbusha vijana mistari yao.

Binti ni mtoto wake wa pekee. Amepewa jina la bibi yake mzaa mama, na kama ilivyo kwa familia nyingi, mzazi wake hawezi kumwita kwa jina la mama yake mzazi kavukavu. Humwita "mama". Hivyo kwenye seti mwigizaji alimwita mwongozaji "mama", mwongozaji akamwita mwigizaji "mama", na sisi wengine wote tukamwita yule mkubwa "mama". Kwenye hedifoni nilikuwa nikisikia "Mama?" na "Abee, mama," nikalazimika kuinua macho nione nani kamwita nani.

Kila asubuhi, kabla kamera haijafunguliwa kwenye begi lake, binti alikwenda alipokaa mama yake, akakunja goti, akaamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mama, umelalaje?" Kisha kazi ikaanza, na kuanzia hapo mama alisimama alipoambiwa asimame na kugeuka alipoambiwa ageuke. Mpiga picha wetu aliamini kwamba hilo goti ndilo lililoharibu kila kitu: huwezi kumwamkia mtu saa 12 asubuhi halafu saa 3 ukamwambia amekosea. Nilimsikiliza kwa heshima na sikukubaliana naye. Siku ya kwanza nzima binti alimwambia mama yake "tena" mara nyingi, na mama akarudia bila kununa. Hata duniani kwingine jambo hili limefanyika likafanyika tena. Mwigizaji wa Marekani Gena Rowlands aliongozwa na binti yake Zoe Cassavetes mwaka 2007, na yule wa Italia, Daria Nicolodi, na binti yake Asia Argento mwaka 2000. Mzazi kuongozwa na mwanawe ni kugumu, ila si huko tulikokwama.

Sini ya jikoni

Filamu inamhusu mjane aliyeuza shamba la migomba bila kumwambia mwanawe. Mwana, ambaye ni wa kike, anarudi kutoka mjini, anakuta migomba ya mtu mwingine. Wanakutana jikoni, anauliza kwa nini, na mama anajibu kwa mstari mmoja:

"Ningekuwa na mtoto wa kiume, nisingeuza."

Baada ya hapo hakuna maneno hadi mwisho wa sini. Mwongozaji alituambia mapema kwamba hadithi imetoka nyumbani kwao, hakuongeza, nasi hatukuchimba.

Tulipiga siku ya pili. Ilikuwa Juni, baridi ya Tukuyu inayoingia hadi kwenye mifupa, ukungu umeshuka kutoka mlima Rungwe hadi kwenye majani ya migomba nyuma ya nyumba. Jiko lilikuwa la mabati, na mvua ya hapo haina adabu na kinasa sauti: inakuja matone matano, inanyamaza, inarudi. Nilimvalisha mama maiki ndogo kifuani chini ya kanga, nikaibana kwa gundi ya nguo ili kanga isiisugue. Waigizaji wengi hunisahau baada ya hapo. Mama hakunisahau, alinipigapiga begani akasema, "Haya baba, unisikie vizuri."

Karatasi yangu ya sauti ya siku ile bado ninayo. Kwa kila teki, yaani kila mara sini inapopigwa upya, huandika maneno yaliyosemwa kweli, ili mhariri asihangaike. Hizi ni chache kati ya teki 9:

Teki ya 1: "Ningekuwa na mtu, nisingeuza."
Teki ya 3: "Ningekuwa na mtu wa kusimama nami, nisingeuza."
Teki ya 4: "Wangeniachia, nisingeuza."
Teki ya 6: "Ningekuwa na nguvu ya kubishana nao, nisingeuza."

Mtoto wa kiume hakutajwa hata mara moja. Baada ya teki ya 3 binti aliacha kwenda mwenyewe. Alibaki nyuma ya skrini na kumtuma msaidizi wake, kijana wa miaka 23, mpole, ambaye alikwenda akichuchumaa na kusema, "Mama, samahani, dairekta anaomba mstari kama ulivyo kwenye skripti." Mama akajibu, "Sawa baba, nimesikia." Teki ya 4, vilevile. Teki ya 7 mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliandika mstari ule kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni na kukiinua kando ya kamera.

Nilimwona mama akikitazama kile kipande cha katoni. Mwanamke aliyeghani beti mbele ya wageni rasmi, ameinuliwa katoni lenye maneno sita. Alikisoma, akageuza uso kwenye mafiga. Teki ya 7 na ya 8 hakusema chochote. Teki ya 9 alisema la teki ya 1. Mvua ikashuka ya kweli, tukafunga.

Nilichokisikia na nilichokifanya nacho

Kati ya teki ya 6 na ya 7, wakati wanarekebisha taa, maiki ya mama ilikuwa wazi. Nilipaswa kuifunga. Ni kanuni ya kazi yetu: kamera ikikatwa, mwigizaji anarudishiwa kifua chake. Sikuifunga kwa sababu nilikuwa nikisubiri kusikia kama kanga inasugua. Nikamsikia mama, kwa sauti ya chini kabisa, akiusema mstari wote, neno kwa neno: "Ningekuwa na mtoto wa kiume, nisingeuza." Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe alisikia."

Jioni tulikaa kula ndizi na maharage, wenzangu wakaanza kusikitika. Mmoja akasema umri, mwingine akasema tungemtafuta mwigizaji kijana tumpake mvi. Iliniuma kumsikia mama akihukumiwa hivyo, nikasema, "Mama anaujua mstari. Nimemsikia akiusema peke yake." Nilidhani ninamtetea.

Sikusema nusu ya pili. Sikuielewa, nikaona haina maana, nikaiacha. Hata saa moja haikupita, nusu ya kwanza ikamfikia binti, na ilivyofika kwake ilikuwa imeshabadilika sura: mama yako anaujua, anakukatalia. Mtu anayesahau unaweza kumwonea huruma. Anayejua na kukataa, mbele ya watu 11 uliowalipa kwa akiba yako, unamwona anakudhalilisha. Binti akaenda chumbani kwa mama yake. Sikusikia walichosema na nisingekiandika hata kama ningesikia. Nilisikia la mwisho tu, mlango ulipofunguliwa. Mama alisema, "Sawa, dairekta."

Katika siku zote zile hakuwahi kumwita hivyo. Binti alipita mbele yetu na taa ya simu, hatukumwona uso.

Asubuhi ya tatu

Mama alinikuta kabla ya saa 12, ninachaji betri. Nilimwamkia, akaitika, akavuta kiti cha plastiki.

"Baba, kile kidude chako kinasikia kila kitu?"

Nikasema ndiyo, kikiwa wazi.

"Na jana kilikuwa wazi?"

Nikasema ndiyo, na kwamba nilikosea, na kwamba ni mimi niliyesema mezani. Hakunikaripia. Alikaa muda mrefu akiangalia uani, kisha akasema, "Basi umeniwekea. Mwite aje asikilize. Yote."

Huko kwetu jambo zito halipelekwi kwa mkubwa mikono mitupu. Hupita kwa mtu: mshenga, mjomba, mama mdogo. Jana yake binti naye alikuwa amefuata njia hiyohiyo, ila aliyemtuma alikuwa kijana asiyejua amebeba nini. Sasa mama akatuma sauti yake mwenyewe.

Binti alivaa hedifoni akiwa amesimama. Nilimwekea kuanzia pale taa zinarekebishwa. Nilimwona akiusikia mstari, midomo ikakaza. Kisha ikafika "Kumbe alisikia." Akaniashiria nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tatu alivua hedifoni mwenyewe, akaniwekea mkononi kwa uangalifu kama kitu cha kuvunjika, akazunguka nyuma ya jiko alikokuwa mama yake. Walizungumza Kinyakyusa, karibu saa nzima. Maiki zote zilikuwa mezani kwangu, zimezimwa.

Maana mbili

Yanayofuata walinieleza wenyewe baadaye, kila mmoja kwa wakati wake.

Mstari ule mama aliusema kweli, miaka mingi nyuma, jikoni, kwa mdogo wake, miezi michache baada ya kumzika mumewe. Shamba walilinunua wao wawili, mume na mke. Mume alipofariki, ndugu zake walianza kulizungumzia kama la kwao, kwa sababu aliyebaki ni mjane na mtoto wa kike. Mama aliliuza kabla ya kikao cha ukoo, na fedha ikalipa ada ya shule ya binti. Alipomwambia mdogo wake "ningekuwa na mtoto wa kiume, nisingeuza," alikuwa anawasema shemeji zake: wangemwogopa kijana, wangemwachia.

Mtoto wa miaka 11 alikuwa nje ya dirisha na ndoo ya maji. Yeye alisikia: mama angependa angekuwa na mwingine badala yangu.

Msomaji asiyejua sheria zetu anaweza kudhani mama alitia chumvi. Hakutia. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilimweka binti daraja la tatu la urithi, nyuma ya mwana wa kiume wa kwanza na nyuma ya wana wa kiume wengine. Juu ya mjane lilisema hana fungu kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ni kweli Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inabatilisha uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na mjane aliye na mtu wa kumwongoza anaweza kuisimamia. Mama hakuwa na mtu wa kumwongoza. Alikuwa na shemeji uani na ada inayodaiwa.

Sasa rudini kwenye karatasi yangu ya sauti. Ningekuwa na mtu wa kusimama nami. Wangeniachia. Ningekuwa na nguvu ya kubishana nao. Wenzangu waliziita teki mbovu. Mimi nazisoma leo naona mama akimjibu mwanawe mara baada ya mara, mbele ya kamera, kwa njia pekee aliyokuwa nayo: anamweleza alichokuwa amemaanisha. Binti alikuwa mita tatu tu kutoka pale, nyuma ya skrini, akisubiri neno moja, asisikie mengine yote. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika kisa hiki. Jibu alilolingoja zaidi ya miaka 20 lilitolewa siku nzima, nasi tukawa tunaandika "tena".

Nimeambiwa kwamba kosa ni la mama: kama skripti ilimchoma, angesema mapema. Alitumiwa kwa WhatsApp, wiki 3 kabla, faili kwenye simu. Aliisoma usiku mmoja, akakutana na maneno yake mwenyewe ambayo hakujua kwamba mwanawe anayo. Angepiga simu aseme nini? Binti kwa upande wake aliamini kwamba kutuma skripti ni kusema. Aliniambia, "Nilifikiri akisoma ataelewa, ataniuliza." Mama naye alifikiri binti akitaka kuzungumza atazungumza. Kila mmoja alimngoja mwenzake afungue mlango, wakakutana seti, mahali ambapo hakuna mlango.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na nimewaambia waongozaji wengine wawili tangu siku ile. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho. Mtendaji wa kijiji tulimwona, mwenye nyumba tulimwomba, hata majirani tuliwaarifu kuhusu jenereta. Ruhusa moja haikuombwa: ya mwenye mstari. Tulifuta usomaji wa pamoja wa skripti kwa sababu binti alikuwa Dar na mama Mbeya, zaidi ya kilomita 800, na nauli ya watu wanne ilitutisha. Siku moja iliyolala ilitugharimu zaidi ya nauli hizo. Lakini hata ingekuwa rahisi zaidi, maneno ya mzazi aliye hai hayapelekwi kwenye karatasi za watu 11 kabla hayajarudishwa kwake, uso kwa uso, na swali: mama, ulimaanisha nini? Binti anakubaliana nami katika hili. Alilisema kabla yangu.

Kwa upande wangu, tangu Tukuyu nafunga maiki kila kamera ikikatwa na kumwambia mwigizaji kwa sauti, "nimekufunga", kisha "nimekufungua". Na nikisikia jambo lisilo langu, nalirudisha kwa mwenyewe, lote, au nalinyamazia lote.

Teki ya 11

Mama ndiye aliyeleta suluhisho, na lilikuwa la kisanii kabla ya kuwa la kifamilia. Alisema mjane wa hadithi hana sababu ya kuusema mstari ule mbele ya mwanawe. Hakuna mama anayemwambia hivyo mtoto wa kike usoni. Aliyeubeba ni mtoto. Basi auseme mtoto.

Tuliipanga upya mchana wa siku ya tatu. Binti wa kuigiza anaingia jikoni, haulizi kwa nini shamba limeuzwa. Anasema, "Ulisema ungekuwa na mtoto wa kiume usingeuza." Mama hana mstari. Yule msichana alikuwa na hofu, akamwomba mwongozaji amwonyeshe namna ya kusema. Mwongozaji akasimama pale penye alama sakafuni, mbele ya mama yake, kamera haijawashwa, akausema.

Nilikuwa nimekwisha funga maiki. Nilisikia kwa masikio tu, kutoka mlangoni.

Teki ya 10 iliharibiwa na bodaboda. Teki ya 11 ndiyo iliyomo kwenye filamu. Msichana anasema, mama anamtazama, mkono wake unasimama juu ya sufuria, anavuta pumzi kama anayetaka kuanza kueleza tangu mwanzo kabisa, na hapo panakatika. "Kata," alisema binti, kwa sauti ndogo hata mpiga picha akamgeukia kuhakikisha.

Niliomba sekunde 30 za ukimya wa chumba, ambazo fundi sauti huzihitaji ili mhariri azibe mapengo. Kila mtu husimama alipo. Moto ulikuwa ukilialia kwenye mafiga, matone mawili matatu yakagonga bati. Sekunde zikaisha, nikainua mkono. Hakuna aliyesogea. Mama alikuwa amemwangalia binti yake juu ya mabega yetu sote.

"Mama," alisema, "njoo."

Kisha akanigeukia.

"Baba, sasa zima."

Nikazima.